Mtoto Huijuaje Serikali? Habari za Majengo ya Moshi na za Mlimani

Wengi wetu tulio waalimu twadhani kwamba mtoto huanza kuijua Serikali siku anapofunguliwa kitabu cha Uraia, akafundishwa habari za bendera, na wimbo wa taifa, na kazi za mawaziri. Mimi nami nalidhani hivyo miaka mingi. Kisha siku moja, katika darasa la tatu hapa Majengo, kabla sijaanza somo lenyewe, naliwaambia watoto wachukue kalamu na kuchora Serikali, kila mmoja kama aionavyo, wala sikuwaongezea neno. Wengine wakachora bendera. Wengine wakachora gari kubwa jeupe lenye vioo vyeusi. Msichana mmoja akachora mama aliyejifunika ushungi, ameketi kitini. Na mvulana mmoja mdogo, mpole, asiyesema sana, akachora mtu amesimama mbele ya ubao, fimbo mkononi. Nikamwuliza, "Huyu ni nani?" Akanijibu bila hofu, "Ni wewe, mwalimu."

Nalirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na uzito moyoni. Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza maneno ya watoto darasani, njiani na uwanjani, nikayalinganisha na yale yaliyoandikwa na watu walioijua nchi hii kabla yangu. Neno ninalotaka kulionyesha ni moja. Moyo wa mtoto kwa Serikali haufanyizwi na kitabu. Hufanyizwa na mtu yule wa karibu mwenye amri juu yake, na kwa jinsi wazazi wake wanavyonena, au wanavyonyamaza, mbele ya mwenye amri. Kitabu huja baadaye, nacho huandika juu ya karatasi iliyokwisha andikwa.

Tuanze na maneno, maana mtoto hupokea neno kwanza, na maana yake huijaza mwenyewe kwa vitu avionavyo.

Neno serikali ni geni. Asili yake ni Kiajemi, sarkar, yaani kichwa cha kazi. Lilifika pwani yetu kwa njia ya bahari, likawa jina la enzi ya Sultani na watu wake, kisha likapanda bara pamoja na misafara. Neno rais nalo, katika Kiarabu, latoka katika neno la kichwa, na mabaharia wa pwani walimwita hivyo mkuu wa chombo. Basi maneno yetu makubwa mawili yote yanena kichwa. Lakini mtoto wa Majengo hajui Kiajemi wala Kiarabu. Yeye amesikia watu wazima wakifanya mzaha barazani, wakilikata neno vipande viwili, siri na kali. Asili hiyo si ya kweli hata kidogo, na mwenye elimu ya lugha huicheka. Walakini ndiyo asili mtoto anayoichukua, kwa sababu yafanana na aliyokwisha kuyaona: watu wakubwa wakizungumza kwa sauti ya chini, na yeye akaambiwa aende nje kucheza.

Neno balozi lanifurahisha zaidi. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiligawa watu kwa nyumba kumi kumi, na mkubwa wa nyumba hizo akaitwa balozi. Hata leo, ingawa mambo ya mtaa yako mikononi mwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, neno lile halikufa, na CCM ingali na mabalozi wake wa mashina. Kwa mtoto, balozi ni yule mzee jirani anayeitwa usiku mume na mke wanapogombana. Nalipokuwa nikifundisha habari za balozi wa nchi yetu katika Ujerumani, mtoto mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, zile nyumba kumi ni za Wajerumani au za watu wetu?" Darasa lote halikucheka, maana wote walikuwa na swali lile lile. Diwani naye alikuwa mwenye enzi katika miji ya Mrima zamani. Sasa ni mjumbe wa kata, na watoto humjua kwa mpira anaouleta wakati wa mashindano.

Na neno mangi je? Hili latugusa sisi watu wa Kilimanjaro. Mangi alikuwa mfalme wa nchi yake, kila mmoja na mgongo wake wa mlima: Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu na kwingineko. Lakini Wachagga wengi wametoka wakaenda kufungua maduka katika miji mingine, na huko Dar es Salaam neno limegeuka, hata mtu akisema "nenda kwa Mangi" ataka mtoto akanunue sukari na kiberiti. Mwaka mmoja alihamia kwetu msichana kutoka Dar es Salaam. Nalipofundisha habari za Mangi Meli, akaniuliza kwa adabu kama duka lake lilikuwa kubwa. Nalicheka, kisha nikakumbuka kwamba wazee wetu waliogopa hata kupita mbele ya boma la mtu mwenye jina hilo. Heshima ya neno imetoka bomani ikahamia dukani, na mtoto hana habari kwamba imehama.

Mtoto wa mlimani zamani alijifunzaje kumjua mwenye enzi? Hapa tunao mashahidi wawili wazuri, wote wawili wa misioni ya Leipzig. Wa kwanza ni Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, akaandika kwa urefu sheria za Wachagga na mafundisho waliyopewa vijana. Yeye alitilia nguvu ukoo, ujirani na rika, akaona kwamba mtu hufungwa kwa wenzake kwa vifungo hivyo vitatu. Wa pili ni Otto Raum, aliyezaliwa papa hapa mlimani, baba yake akiwa mmisionari. Kitabu chake cha mwaka 1940 kinahusu utoto wa Wachagga. Watu wengi walidhani kwamba mafunzo ya mtoto wa Kiafrika yalikuwa katika jando peke yake. Raum akaonyesha kwamba sivyo: mafunzo yalikuwa kila siku nyumbani, katika namna ya kuamkia, na ya kupokea kitu, na ya kukaa mbele ya mkubwa, na katika michezo ambamo watoto huiga mambo ya wazee wao. Mtoto aliyemwogopa baba yake kwa adabu alikuwa amekwisha nusu ya njia ya kumwogopa Mangi.

Lakini mlimani palikuwa na mwalimu mwingine wa jambo hili, nao ni mfongo. Wasomaji walioko mbali wajue kwamba maji ya Kilimanjaro hushushwa kwa mifereji mirefu, iliyochimbwa na mababu, kutoka korongoni mpaka vihambani. Mfongo una wazee wake. Siku ya kuutengeneza, watu huitwa, na asiyekuja hutozwa au hunyimwa maji. Mtoto mdogo aliyebeba chakula cha baba yake siku ile aliona kwa macho yake amri, na kazi, na adhabu, na kisha, jioni, aliona maji yakiingia katika migomba ya kwao. Mimi nafikiri hakuna somo la uraia lililo bora kuliko hilo, kwa maana amri na faida yake vilionekana kwa siku moja. Siku hizi baba hulipa kodi yake katika bei ya sukari na ya mafuta ya taa, wala haoni imeingia wapi. Barabara hutengenezwa na watu waliotoka mbali kwa fedha asiyoijua. Mtoto aunganisheje vitu hivyo viwili? Hata elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, watoto wangu husema "Serikali imetupa," kana kwamba imetolewa mfukoni mwa mtu mmoja mkarimu.

Nisije nikawapamba Wamangi kupita kiasi. Walikuwako wema na walikuwako wakali, na watoto walijua. Tena palikuwa na hofu nyingine, iliyoletwa na wageni. Mangi Rindi wa Moshi alikufa mwaka 1891. Mwanawe Meli akawapiga Wadachi mwaka 1892, akashindwa nao mwaka 1893, na tarehe 2 Machi, 1900, akanyongwa pale Old Moshi pamoja na wakubwa wengine. Mti wa mahali pale huonyeshwa wageni hata leo, na jamaa zake wametafuta miaka mingi fuvu lake, linaloaminiwa kuwa lilipelekwa Ujerumani. Habari hii mtoto wa Old Moshi haipati shuleni kwanza. Huipata kwa bibi yake, jikoni, ndizi zikichemka. Mvulana mmoja aliniambia kwamba alimwuliza bibi yake, "Serikali iliyomnyonga Mangi ndiyo hii?" Bibi akasema, "La, ile ilikuwa ya Wadachi." Mtoto akafikiri kidogo, akauliza tena, "Na hii inakaa katika nyumba zile zile?" Bibi hakuwa na jibu, nami nisingekuwa nalo, maana ni kweli kwamba maboma ya wageni yaligeuka kuwa maofisi, na mtoto huhesabu nyumba kabla hajahesabu sheria. Kwake yeye Serikali ni moja, imebadili nguo tu.

Kuna jambo moja katika historia yetu ambalo halifundishwi inavyostahili. Mwaka 1951 Wachagga walimchagua kwa kura Thomas Marealle awe Mangi Mkuu wa mlima wote, cheo ambacho hakikuwako zamani kwa namna ile. Watu walimshangilia sana. Na mwaka 1960, kwa kura vile vile, wakakataa kuwa na Mangi Mkuu, wakataka rais wa kuchaguliwa, naye akawa Solomon Eliufoo. Miaka tisa tu. Hata kabla ya uhuru wa nchi, watu wa mlima huu walikuwa wamekwisha kumpandisha mkubwa kwa karatasi na kumteremsha kwa karatasi, wala hakunyongwa mtu. Kisha mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ikaondoa madaraka ya machifu wote.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu ambaye alikuwa mtoto katika siku zile, alinisimulia jinsi alivyoyaona. Baba yake alikuwa na picha ya Mangi Mkuu ukutani, ameikata gazetini, naye aliwaonya watoto wasiiguse. Siku moja baada ya kura ile mtoto akaingia ndani akaona ukuta mtupu. Hakuambiwa neno. Aliogopa siku nyingi kwamba Mangi amekufa, na kwamba baba yake anaficha msiba. Alipokuwa mkubwa ndipo alipofahamu kwamba baba yake mwenyewe alikuwa amepiga kura ya kumwondoa. "Laiti angaliniambia," mzee akasema. "Ningalijua mapema kwamba mtu huweza kumheshimu mkubwa na kumwondoa." Maneno haya nimeyakumbuka mara nyingi. Wazazi wetu hufanya mambo makubwa ya uraia, kisha huyaficha kwa watoto kana kwamba ni aibu.

Habari ya picha ukutani si ndogo. Mwezi wa Machi 2021, Rais John Magufuli alipofariki tarehe 17, na Samia Suluhu Hassan akaapishwa tarehe 19, picha zilibadilishwa katika maofisi. Ile ya Mwalimu Nyerere ilibaki mahali pake, kama kawaida. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye tangu kuzaliwa alikuwa hajui Rais mwingine, akaniuliza yule wa zamani amehamishiwa shule gani. Alikuwa ameona waalimu wakihamishwa. Akadhani ni hivyo. Na wasichana, nalisikia kwa masikio yangu, walianza kucheza mchezo ambao sikuwahi kuuona: mmoja ni Rais, na wengine ni walinzi wake, na wavulana wakaambiwa wawe madereva.

Tunawaita wakubwa hawa baba na mama. Nyerere ni Baba wa Taifa, na Rais Samia watu humwita Mama. Si desturi yetu peke yetu. Huko Marekani mtaalamu Fred Greenstein aliwauliza watoto wa mji wa New Haven, na kitabu chake cha mwaka 1965 chaonyesha kwamba watoto wadogo walimwona Rais kuwa mtu mwema mwenye kuwasaidia watu, hata kabla hawajajua kazi yake ni nini. David Easton na Jack Dennis, katika kitabu cha mwaka 1969, waliwauliza watoto zaidi ya elfu kumi wakapata mambo ya namna hiyo hiyo. Ikawa kama kanuni: mtoto humpenda mkubwa wa nchi kwanza, na akili ya kuchambua huja nyuma. Lakini mwaka 1968 Dean Jaros na wenzake wakaandika habari za watoto wa milima ya Kentucky, mahali pa umaskini mwingi, na wale hawakumwona Rais kwa wema ule. Na Rais Nixon alipopatwa na fedheha ya Watergate, F. Christopher Arterton akaandika mwaka 1974 jinsi watoto waliowauliza wakati ule walivyomgeuka, hata yule aliyekuwa mwema akawa mtu wa kushukiwa. Basi kanuni haikuwa kanuni. Mtoto hutazama hali ya nyumba yake, na husikia redio hata tunapodhani amelala.

Wako na waliowauliza watoto wa Afrika Mashariki. David Koff na George Von der Muhll walitoa makala mwaka 1967 wakilinganisha wanafunzi wa Kenya na wa Tanzania, na Kenneth Prewitt akaandika kitabu mwaka 1971. Mwenye nafasi na avitafute. Shaka yangu ni moja: mtoto wetu akipewa karatasi ya maswali na mgeni, tena mbele ya mwalimu, hujibu neno analodhani mwalimu alitaka. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Kwa hiyo naona heri kusikiliza mchezo kuliko kusoma majibu.

Na michezo ya Majengo ina mengi. Majina ya Majengo yako katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Majengo yetu ni sehemu ya mji wa chini, uliokua baada ya reli ya kutoka Tanga kufika Moshi katika miaka ya 1911 na 1912. Wako hapa Wachagga walioteremka kutoka mlimani, na Wapare, na watu wa pwani, na wa kabila nyingine nyingi, Waislamu na Wakristo mlango kwa mlango. Mtoto wa hapa hakupata Mangi wala mfongo. Amepata mkutano wa hadhara. Tangu vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, Moshi imekuwa mji wa siasa kali. Augustino Mrema wa Vunjo aligombea urais mwaka 1995, akawa wa pili. Na tangu mwaka 2000 mpaka 2015 mbunge wa Moshi Mjini alikuwa Philemon Ndesamburo wa CHADEMA. Kwa hiyo mtoto wa Majengo amezaliwa akikuta watu wa nyumba moja wana kofia za rangi mbili.

Watazameni wakicheza uchaguzi. Gunzi la mahindi ndilo kipaza sauti. Ndoo iliyofunikwa ndiyo jukwaa. Mgombea hutoa ahadi, na ahadi zenyewe ni za ajabu: pilau kila siku, na mwalimu wa hesabu ahamishwe. Kisha kura hupigwa kwa vijiwe katika kopo. Nimetazama mchezo huu mara nyingi, na mara zote aliyeshindwa hulia, "Zimeibwa!" Hata pale ambapo vijiwe vilihesabiwa mbele ya wote. Na aliyeshinda huchukua gunzi akalificha, asilishike mwingine. Watoto hawa hawakutunga mambo hayo. Wameyaokota barazani kwetu, katika maneno ya pande zote mbili, nasi hatukukumbuka kwamba walikuwapo.

Lakini fundisho kubwa kuliko yote lipo mlangoni. Mtu wa mtaa apiga hodi jioni, ana daftari la michango ya ulinzi au ya kujenga vyumba vya shule. Baba yumo ndani. Amwambia mtoto kwa sauti ndogo, "Nenda mwambie baba hayupo." Mtoto aenda, asema. Mgeni amwamini au asimwamini, aandika neno daftarini, aenda zake. Dakika mbili tu! Mtoto amejifunza kwamba Serikali ni mtu wa kufichwa, na kwamba uongo ambao angechapwa kwa ajili yake akimwambia mama, ni halali akimwambia mwenye daftari. Mwezi ujao mimi nitamfundisha kwamba raia mwema hulipa kodi, naye ataandika jibu sahihi, nitampa alama zote.

Sisi wa shule na wa kanisa tusijidhanie kuwa nje ya jambo hili. Jumapili tunawaombea wenye mamlaka, na watoto wanasikia; jirani zao husikia mambo kama hayo msikitini. Kisha wanatutazama jinsi tunavyochagua wazee wa kanisa, kama ni kwa kura ya siri au kwa kunong'onezana. Habari za kanisa nawaachia wachungaji waziseme. Mimi nitasema kosa langu la shuleni.

Miaka mingi naliwaweka viranja mwenyewe, nikichagua wale warefu wenye sauti. Mmoja nalimpa karatasi aandike majina ya wapiga kelele nikiwa nje, na walioandikwa walipata fimbo. Nalimwamini sana, maana darasa lilikuwa kimya. Baadaye msichana mmoja akaniambia, akitetemeka, kwamba ukimya ule una bei. Mwenye kashata aliitoa kashata, mwenye kalamu aliitoa kalamu, jina lake likafutwa. Mwenye umaskini asiye na kitu ndiye aliyechapwa, siku kwa siku, na aliyemchapa ni mimi. Yule mvulana mpole aliyenichora na fimbo alikuwa mmoja wao. Hakuwa na kashata. Mimi ndiye niliyeweka kodi ile bila kujua, na mtozaji wake, na mahakama isiyosikiliza mtu. Kisha nalisimama pale pale mbele ya ubao nikafundisha ubaya wa rushwa kutoka ukurasa wa kitabu.

Naliiacha fimbo katika darasa lile, nikawaambia wachague kiranja wenyewe kwa karatasi za siri, kwa muhula mmoja, na kwamba darasa laweza kumwondoa likikubaliana. Msidhani kwamba mambo yalikuwa mazuri mara moja. Walimchagua hodari wa mpira, naye hakufanya kazi yo yote. Kelele zilizidi, hata mwalimu wa chumba cha pili akaja kunilaumu, na kwa haki. Baada ya majuma manne wakamwondoa. Nalingoja ugomvi, lakini yule aliyeondolewa alirudi kitini pake, na wakati wa mapumziko akaendelea kuwafungia mabao kama kwanza. Wakamchagua msichana, akawa mkali mno. Wakamvumilia kwa sababu aliandika majina ya rafiki zake pia. Muhula uliofuata, kwa mshangao wangu, yule mla kashata aligombea tena, akapata kura chache. Akaomba zihesabiwe mara ya pili. Zikahesabiwa, akakubali.

Ningependa kusikia kutoka kwa wenzangu wa Machame, Rombo na Upare, na wa pwani pia, watoto wao humwitaje mtendaji wa kijiji wakiwa peke yao, na katika michezo yao ni nani huwa Serikali: aliye mkubwa kwa umri, mwenye mpira, au aliyeshindwa kura? Mlimani, nimeambiwa, bado wapo watoto wanaocheza Mangi, na mmoja hukaa juu ya jiwe wengine wakamletea majani ya mgomba. Sijayaona kwa macho yangu. Mwenye kuyaona na aandike pia kama yule wa juu ya jiwe huteremka kwa zamu, au hukaa mpaka aitwe na mama yake.